Boila Niliyosema Nimeipima

Jumamosi ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: spiriti inayowaka, shaba iliyopata moto, na maandazi ambayo mke wangu alikuwa ametoka tu kuyaopoa kwenye mafuta. Nimekaa nayo miaka mingi bila kuisimulia yote. Sehemu ya kuchekesha nimeisimulia mara nyingi, maana karibu kila kisa kinaweza kuchekesha ukikikata pale unapotaka. Leo nitakueleza na ile sehemu niliyokuwa naikata.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi nikapata kazi katika kiwanda kimoja cha nguo pale Thika, upande wa matengenezo, na tulikuwa tunakaa Makongeni, mimi, mke wangu Nafula na binti yetu Nekesa aliyekuwa na miaka mitatu. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na nusu. Nyuma yake nilikuwa nimeegemeza mabati ukutani nikapata kibanda cha kutosha meza moja, vaisi ya kubania vyuma, drili ya mkono na rafu ya makopo ya nati na bolti. Hiyo ndiyo ilikuwa karakana yangu. Wenzangu wakitoka kazini walienda kutazama mpira. Mimi nilienda kibandani kutengeneza injini ndogo za mvuke.

Najua siku hizi mnaziona kwenye simu, mtu anaiweka mezani inazunguka, watu wanaisifu kutoka kila pembe ya dunia. Mimi ya kwanza niliiona kwenye kabati la vioo katika chuo cha ufundi nilikosomea. Haikuwa inazunguka. Ilikuwa na vumbi. Lakini nilisimama pale mpaka mwalimu akanifukuza.

Nikueleze inavyofanya kazi, kwa sababu bila hayo hutaelewa kilichotupata. Injini ya aina hii inatosha kwenye kiganja. Silinda yake haikufungwa imara. Imeshikwa kwa pini moja kwenye bamba la shaba, kwa hivyo pistoni inapoenda na kurudi ikizungusha gurudumu, silinda nzima inacheza huku na huku kama kichwa cha mtoto anayekataa uji. Ubavuni mwa silinda kuna tundu moja. Kwenye bamba kuna matundu mawili: moja linaleta mvuke kutoka kwenye boila, lingine linautoa nje. Silinda ikiinama upande huu inapokea mvuke, ikiinama upande ule inautema. Ikisimama wima katikati, matundu yote yamezibwa, hakuna kinachoingia wala kinachotoka. Na nyuma ya ile pini kuna springi ndogo inayoibana silinda kwenye bamba ili mvuke usivuje. Ni hayo tu. Mtu anaweza kuielewa yote kabla chai haijapoa, na nadhani hapo ndipo tunapodanganyika. Tunasahau kwamba hatari haiko kwenye injini. Iko kwenye boila, kile kimtungi cha maji kinachokaa juu ya moto.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Njuguna, mtunza stoo ya vifaa pale kiwandani. Sikio lake la kushoto halikusikia, na ngozi ya shingo upande huo ilikuwa imekunjamana na kung'aa. Zamani alikuwa mtu wa boila katika kiwanda kingine kidogo ambacho hakipo tena. Siku moja boila ikapasuka, na mwenzake aliyekuwa naye zamu moja hakutoka mzima. Hayo niliyasikia kwa watu, yeye hakuyasema. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba alikuwa haingii chumba cha boila hata kupeleka spana. Aliiacha mlangoni, akagonga, akaondoka. Hata chai alipenda iletwe ikiwa tayari kwenye kikombe, asikae karibu na birika linalochemka.

Ungedhani mtu kama huyo angenikataza. Hakunikataza. Alipenda kazi safi ya mikono. Nilipomletea silinda yangu ya kwanza aliigeuza mkononi muda mrefu, akaingiza pistoni, akaziba tundu kwa kidole, akaivuta. Alipoiachilia, pistoni ilirudi ndani yenyewe, dalili kwamba haivuji. "Haiya," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Tangu siku hiyo akawa ananifundisha saa ya chakula. Alinionyesha kusawazisha bamba kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Alinifundisha kuiendesha injini kwanza kwa hewa ya pampu ya baiskeli. Na kuhusu boila alikuwa na sharti moja ambalo alilirudia mpaka nikalichoka: kabla haijaona moto, ijazwe maji baridi pomoni, isibaki hewa hata kidogo, halafu isukumwe kwa pampu ya mkono mpaka ifike mara mbili ya presha utakayotumia.

"Maji ikipasua huo mtungi, utalowa tu nguo," aliniambia. "Mvuke ikipasua, ni bibi yako ataitwa hospitali."

Boila yangu niliitengeneza kwa kipande cha bomba la shaba nyekundu, nene kama mkono wa mtoto. Ncha moja niliichomelea kule kazini kwa madini ya fedha yanayostahimili joto, inavyotakiwa. Kabla ya ncha ya pili, gesi ikaisha. Ningengoja wiki mbili iletwe nyingine. Sikungoja. Nikaifunga nyumbani kwa risasi ya kawaida, ile laini ya kuchomelea redio, nikaipiga tupa na msasa mpaka ikang'aa sawa na mwenzake. Mtu yeyote angezitazama asijue ipi ni ipi. Mimi nilijua.

Mzee akaniazima pampu yake ya majaribio, ikiwa ndani ya mfuko wa gunia. Nilikwenda nayo nyumbani Jumatano. Mwanangu, ile pampu ilikaa chini ya meza yangu siku mbili na sikuufungua mfuko. Nilikuwa nimeshawaalika majirani waje Jumamosi. Nilikuwa naogopa, tena sana, lakini sikuogopa boila kupasuka. Niliogopa ile ncha ivuje nianze upya. Niliogopa wale watu waje wakute meza tupu, waseme Wafula ni mtu wa maneno. Woga ulikuwepo wa kutosha. Niliuelekeza mahali pasipofaa.

Ijumaa nikarudisha pampu kwenye dirisha la stoo.

"Umeipima?" Mzee akauliza.

"Nimeipima, Mzee."

"Na maji? Ikashika?"

"Ilishika kabisa."

Aliuchukua ule mfuko, akaushika mkononi kidogo kama mtu anayekisia uzito, akauweka kwenye rafu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Basi kesho nitakuja nione. Sijakaa karibu na kitu ya mvuke tangu ile siku. Lakini kama umepima, nitakaa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo wangu ulifunguka, nakumbuka. Nikasema, "Karibu sana, Mzee."

Watu walikuja baada ya chakula cha mchana. Majirani saba wanane na watoto wao, wamebanana mlangoni mwa kibanda, wengine wakichungulia kati ya mabati. Mzee Njuguna alikuja amevaa koti lake la kanisani. Nafula, kwa heshima, akamwekea stuli karibu kabisa na meza. Niliona mikono ya mzee ikitetemeka. Akaibana katikati ya magoti, akatulia, akanipa ishara kwa kichwa kwamba niendelee.

Nikawasha taa ya spiriti chini ya boila. Baada ya muda maji yakaanza kuimba. Nilikuwa na geji ndogo ya kuonyesha presha, na kwenye kioo chake nilikuwa nimechora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya Nafula: hapo mshale usipite. Mshale ukainuka. Nikalisukuma gurudumu kwa kidole, injini ikakohoa, ikatema maji ya moto, ikashika mwendo. Tiki tiki tiki tiki. Watoto wakapiga makofi. Nekesa alikuwa akiruka ruka mbele ya meza akisema, "Baba, inacheza! Baba, inacheza!" Sijawahi kujisikia mkubwa kama dakika zile.

Halafu valvu ya usalama ikaanza kufoka. Hiyo ni kile kidude kidogo juu ya boila chenye springi yake, kazi yake ni kufunguka presha inapozidi. Ilikuwa inafanya kazi yake. Lakini mvuke uliokuwa unapotea pale ulifanya injini ipunguze mwendo, na jirani mmoja mwenye mzaha akasema, "Fundi, mbona inaenda kama mama amebeba gunia ya viazi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikachukua spana ndogo, nikaikaza ile valvu nusu mzunguko. Ikapunguza kelele. Injini ikachangamka. Nikaikaza tena. Ikanyamaza kabisa.

Sasa mvuke ukaanza kuchomoza kati ya silinda na bamba, kwa sababu ile springi ya pini ilikuwa inasalimu amri. Nikaona huo nao unaniaibisha. Nikaikaza nati ya springi mpaka mwisho.

Injini ikazunguka mara mbili, tatu, kwa uzito, kisha ikasimama. Silinda ilisimama wima, katikati.

Nikalisukuma gurudumu kwa kidole. Halikusogea. Nikasukuma kwa nguvu, likanichoma. Kimya kikaingia kibandani, na katika kile kimya nikasikia boila ikitoa sauti ndogo, tik, kama mtu anayevunja kidole. Kisha tena, tik. Nikatazama geji. Mshale ulikuwa umepita mstari mwekundu na ulikuwa bado unatembea. Sikuwa nimewahi kuuona ukitembea kwa utulivu namna ile. Chini yake taa ilikuwa inawaka vizuri sana.

Nilijua kila kitu kwa wakati mmoja: valvu nimeifunga, springi nimeifunga, matundu yamezibwa, na ile ncha ya risasi.

Mzee akaniuliza polepole, bila kuinuka, "Wafula. Hiyo valvu mbona imenyamaza?"

Akanitazama usoni, akaona.

Akasimama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayewaambia watu kikao kimekwisha. "Watu wote watoke nje. Polepole. Mtu asikimbie, mtu asiguse meza. Kila mzazi na mtoto wake. Mwende mpaka nyuma ya ile nyumba ya mawe."

Wakatoka. Wengine walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mimi nilitoka nao, mwanangu. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza niliyokuwa naikata. Sikumshika mtu mkono. Nilitoka tu, na nilipofika nyuma ya ukuta nikashukuru kwamba ukuta ni wa mawe.

Ndipo Nafula akageuka huku na huku. "Nekesa ako wapi?"

Tukaangalia katikati ya watoto. Hakuwepo. Tukamwita. Na kutoka kule kibandani tukasikia akiimba, ule wimbo wake usio na maneno. Alikuwa chini ya meza. Alipenda kukaa pale kuokota vinyuzi vya shaba vilivyodondoka kutoka kwenye vaisi, na injini ilipopunguza mwendo yeye aliingia kule akaendelea na mchezo wake. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ubao wa inchi moja, na juu ya ubao ilikuwa boila.

Miguu yangu ilikataa. Nimejaribu kutafuta maneno mengine kwa miaka yote hii na sijayapata. Nilimpenda mtoto wangu, nilijua njia, hatua hazikufika ishirini, na miguu ilikataa. Nafula alikuwa ameshaanza kukimbia, na mzee akamzuia kwa mkono mmoja, akamrudisha kwa wanawake wenzake. "Wewe kaa hapa, Mama Nekesa."

Akavua koti lake, akalikunja, akamkabidhi. Kisha yule mtu ambaye alikuwa hawezi kukaa na birika akaingia kibandani akiwa ameinama.

Hakukaa sana. Sisi tuliona ni muda mrefu. Wimbo ulikatika. Halafu akatokea akitambaa, mgongo wake ukiwa upande wa meza na mtoto akiwa chini ya kifua chake, anamsukuma mbele kidogo kidogo, na Nekesa anacheka akidhani ni mchezo, viganja vimejaa vinyuzi vya shaba. Nafula alimchukua na kukaa naye chini palepale.

Mzee alikuja mpaka niliposimama. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye ile shingo yake. "Sasa taa," akasema. "Hiyo ni yako."

Alinipa ule mti mrefu tuliokuwa tunainulia kamba ya nguo. Nikalala kifudifudi nje ya mlango, nyuma ya pipa la maji, naye akalala nyuma yangu akinishika kifundo cha mguu. "Usiinue kichwa. Angalia taa, usiangalie boila. Polepole." Nikasukuma mti mpaka ukaigusa taa. Nikaivuta, ikagoma kwenye ukingo wa bati lake, nikaivuta tena, ikaanguka sakafuni na spiriti ikamwagika. Moto wa spiriti mchana hauonekani, mwanangu. Unaona tu udongo unacheza na karatasi zinakuwa nyeusi zenyewe. Jirani yule wa mzaha, Mungu ambariki, alikuja na karai la mchanga akaumwaga kupitia mlangoni, akaleta la pili.

Nikataka kuchukua maji nimwagie boila. Mzee akanikaza kifundo. "Hapana. Sasa hiyo hakuna mtu anaigusa, hakuna mtu anaiangalia. Itapoa ikitaka."

Tukakaa nyuma ya ule ukuta wa mawe karibu saa nzima. Majirani walikuwa wamewapeleka watoto mbali. Kila baada ya muda boila ilitoa tik moja. Jua lilikuwa linawaka, watu wanapita barabarani na vikapu vyao, wanatusalimia, nasi tunaitikia kama watu waliokaa kupiga gumzo. Nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, sikuipima."

"Najua."

Nikamtazama.

"Pampu ikitumika lazima imwage maji, na hiyo gunia inalowa," akasema. "Ulinirudishia mfuko mkavu. Nilishika nikajua. Halafu nikajiambia, labda aliianika. Nilikuwa nataka sana uwe umepima, kwa hivyo nikaamini. Hiyo makosa ni yangu na nitaibeba. Yako utaibeba wewe."

Nilidhani amemaliza kunigombeza, na kwa kweli ilikuwa afadhali angenipiga. Kisha akaongea huku akitazama chini, kwenye viatu vyake.

"Mwenzangu alikuwa anaitwa Wanjohi. Asubuhi hiyo aliniuliza, 'Njuguna, umeangalia maji kwa boila?' Nikamwambia nimeangalia. Nilikuwa nimechelewa kuingia kazi na sikutaka ajue. Sikuwa nimeangalia, Wafula. Watu wanajua boila ilipasuka. Hakuna mtu anajua aliuliza."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

"Utamwambia mama ya huyo mtoto," akasema mwishowe. "Si mimi nitamwambia. Wewe. Leo, kabla hujapata nafasi ya kuipamba."

Siku ya pili, baada ya kanisa, alirudi na pampu yake. Tukaijaza boila maji baridi, tukaifunga kwenye vaisi, akanipa mimi mpini nisukume. Mshale haukufika hata nusu ya pale ulipokuwa Jumamosi. Ile ncha niliyoifunga kwa risasi ikatoka, puf, ikagonga ndoo, maji yakanimwagikia miguuni. Basi. Ni hivyo tu, sauti ya mtu anayefungua chupa ya soda. Mzee aliiokota, akanionyesha jinsi risasi ilivyokuwa imefunguka robo tatu kuzunguka. "Jana ilikuwa imeshaanza kutoka," akasema. Nikatazama mahali boila ilipokuwa imekaa mezani jana yake na ile ncha ilikuwa imeelekea wapi. Ilikuwa imeelekea kwenye stuli ya Mzee. Ingempata pale kifuani alipokuwa amekaa, kwa sababu nilimwambia nimeipima.

Nafula nilimwambia, mwanangu. Nilimwambia jioni ileile ya Jumamosi, kabla taa hazijawashwa, yote, na ya miguu yangu kukataa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga nguo za mtoto, na asubuhi akaenda kwa dada yake Ruiru. Nilikaa peke yangu Makongeni karibu mwezi mzima. Kifuniko cha sufuria kikigonga kidogo kwa majirani nilikuwa natoka nje. Nilikuwa naamka nikisikia ule wimbo usio na maneno, kisha ukikatika. Katika ndoto zangu mzee hakutokea mlangoni.

Nafula alirudi kwa masharti yake: hakuna moto kwenye kile kibanda mpaka yeye aseme. Mwaka mzima niliendesha injini zangu kwa pampu ya baiskeli. Hewa haina sifa, hakuna moshi wala mluzi, lakini ndipo nilipojifunza kazi. Nilitengeneza nyingine tatu, na ya tatu ilikuwa inazunguka kwa pumzi ya mdomo tu. Kisha nikatengeneza boila mpya, ncha zote mbili kwa fedha, na siku ya kuipima Nafula akasema pampu ataisukuma mwenyewe. Aliisukuma. Mimi nilikatazwa kusogea. Mzee alisimama kando, Nafula akasoma mshale kwa sauti, akaiacha ikiwa imekazwa dakika kumi akiitazama bila kupepesa, akaufuta mkono wake kwenye leso, akaigusa ncha moja, akaigusa ya pili. "Kavu," akasema. Hilo neno moja lilinirudishia nyumba yangu.

Mzee Njuguna ameshatutoka. Baada ya siku ile alikuja nyumbani mara nyingi, na kuna wakati alikubali kukaa na birika likichemka, ingawa alikaa upande wa mlango. Nekesa sasa ni mama wa watu. Anajua babake alimwaga spiriti siku moja na ikawa fujo. Ya chini ya meza hajui, au labda anajua na ananingoja mimi niseme. Nitamwambia. Nimeanza na wewe kwa sababu kwako ni rahisi kidogo.

Sasa sikiliza ninachokuambia. Jenga hizo injini unazozitamani. Usikubali mtu akuambie ni mchezo wa watoto, maana zitakufundisha subira ambayo huwezi kuipata mahali pengine. Lakini boila usiiwashie moto kabla hujaijaza maji baridi na kuisukuma mpaka mara mbili. Valvu ikifoka, usiinyamazishe. Zima taa, kaa chini, ujiulize. Ile springi ya pini usiikaze mpaka mwisho, kwa sababu nayo ni mlango wa dharura, hata kama hakuna aliyekuambia. Na watu wakikucheka kwamba mashine yako ni ya polepole, waache wacheke, watarudi nyumbani kwao wazima.

Hayo ni ya chuma. Lililobaki ni la mdomo, na ndilo zito. Kuna siku mtu atakuuliza, umepima? Anaweza kuwa ni mwalimu wako, au mkeo, au mgonjwa aliyelala mbele yako, sijui utafanya kazi gani. Atakuuliza, halafu ataenda kukaa pale jibu lako litakapomweka. Yeye haoni ncha ya risasi. Anaona uso wako tu. Kama hujapima, mwambie hujapima. Utaona aibu, na aibu ile itakuuma siku tatu nne. Mimi yangu bado inaniuma, na mimi ndiye niliyebahatika.

Na ukiona miguu yako imekataa siku hiyo, usijifiche. Mwambie aliye karibu nawe, "Nisaidie, nimeshindwa." Mimi hata hilo sikuweza kulisema.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutulizie mikono, akupe macho ya kuona kasoro ya kazi yako kabla ya watu wengine. Wanaokaa karibu na kazi yako wainuke wazima, waende kwao. Na siku utakayoulizwa na wewe hujawa tayari, akupe nguvu ya kujibu neno fupi, "Bado."